Acheni Kuusifia Mtutu

SEHEMU YA 1

 Wiki hii siongelei presha wala kliniki ya wajawazito. Naongelea bunduki, tena kwa ukali kidogo, mtanivumilia.

Kuna video zinazunguka kwenye magrupu ya vijana, hasa mafundi wa kuchomelea. Mtu kakaa mezani kwake huko Marekani, kitambaa kisafi kimetandikwa, vipande vya bunduki vimepangwa kama vyombo vya harusi. Anachukua hiki anapachika pale, kile anakaza hapa, dakika kumi silaha imekamilika. Imepakwa rangi ya mchanga, au nyekundu, au ya waridi kabisa! Halafu kijana wetu anairusha kwenye grupu na maneno "kazi safi". Mwenzake anajibu kwa picha ya gobore, kitako kimechongwa na kupigwa vanishi: "na sisi tunaweza".

Hiyo "na sisi tunaweza" ndiyo iliyonikalisha chini kuandika.

Najua utasema, muuguzi anajua nini kuhusu bunduki? Novemba 2018 chama kikubwa cha wenye bunduki Marekani, NRA, kiliwaambia madaktari wabaki kwenye njia yao. Madaktari na wauguzi walijibu kwa kuweka picha mtandaoni: nguo za kazi zimelowa damu, sakafu ya chumba cha upasuaji imelowa damu, na ujumbe kwamba hii ndiyo njia yetu. Basi na mimi nipo kwenye njia yangu.

SEHEMU YA 2

Tuanze na hiyo ya Wamarekani, maana siwezi kuikosoa bila kuielewa.

Inaitwa AR-15. Herufi AR ni za kampuni ya ArmaLite. Aliyeibuni ni Eugene Stoner, mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1959 kampuni ya Colt ikanunua haki zake. Toleo la jeshi ndilo M16 lililokwenda Vietnam. Toleo la raia ni la nusu-otomatiki: ukivuta kifyatulio mara moja inatoka risasi moja, inajikoki yenyewe, unavuta tena.

Kwa ufundi, Stoner alikuwa kichwa. Wakati wenzake wanatumia chuma na mbao, yeye alitumia aluminiamu na plastiki, silaha ikawa nyepesi. Mwili wake ni nusu mbili, ya juu na ya chini, zinazoshikwa na pini mbili tu. Kwa hiyo mtutu unabadilishwa, kitako kinarefushwa au kufupishwa kulingana na mkono wa mtu, juu kuna reli ya kupachika darubini au tochi. Hataza ilipokwisha mwaka 1977, kampuni nyingine zikaanza kutengeneza, vipande vikawa vinaingiliana kama spea za boksa. Ndiyo maana mtu anajenga yake nyumbani kama burudani ya Jumamosi. Anachagua rangi, anachagua mshikio, anaongea kuhusu "mistari" na "uwiano" kama fundi seremala anayeongelea kabati.

Sasa angalia jambo moja. Katika vipande vyote hivyo, sheria ya Marekani inakihesabu kimoja tu kuwa ndiyo bunduki yenyewe: ile nusu ya chini, na ndiyo inayobeba namba. Wajanja wakaanza kuuza nusu hiyo ikiwa haijamalizika, mnunuzi anaimalizia nyumbani, namba hakuna. Mwaka 2022 serikali yao ikaweka kanuni kwamba na hizo seti ni silaha, zinatakiwa namba. Waliokuwa wakizipenda wakakimbilia mahakamani, na Machi 2025 Mahakama Kuu yao ikaiacha kanuni ile isimame.

Unaona walichopigania? Rangi na mshikio havikuguswa. Walipigania silaha isiyo na namba, kwamba kitu kiue na asijulikane kilitoka kwa nani.

SEHEMU YA 3

Rudi nyumbani sasa. Gobore letu halina namba tangu kuzaliwa.

Fundi wa hapa akikutengenezea geti, anaandika namba yake ya simu kwa rangi nyeupe pale pembeni. Tela la trekta, anaandika. Karasha la kusagia mawe ya dhahabu, anaandika, na jina la karakana juu. Anajivunia. Geti likilegea bawaba unampigia, anakuja kurekebisha, mnagombana kidogo, anarekebisha. Nitajieni fundi mmoja aliyewahi kuandika namba yake ya simu kwenye gobore. Hakuna. Hata anayeposti picha anakata sura. Sasa kama ni kazi ya kujivunia, mbona haina mwenyewe?

Wapo wanaosema ni "asili yetu". Haya, tuongee asili. Hii ni Usumbwa. Wasumbwa na Wanyamwezi walikuwa wasafiri wa misafara kabla barabara hazijakuwepo, na nchi hii na Geita zilikuwa na wafua chuma hodari, Warongo, walioyeyusha mawe wakatoa majembe. Hiyo ni asili, na ni kubwa. Bunduki zilikuja na biashara ya pwani karne ya 19, mzigo wa kununuliwa, zikibadilishwa kwa pembe na kwa watu. Msiri, mwenye asili ya huku, alizibeba mpaka Katanga akajitengenezea ufalme pale Bunkeya. Ulimwisha vipi? Desemba 20, 1891 alipigwa risasi na afisa wa Kibelgiji, Bodson, kwa bastola. Sungusungu nao, walipoanza upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 kukabiliana na wezi wa ng'ombe, watu wanawakumbuka kwa upinde na mishale. Kwa hiyo ukitaka asili, chukua jembe. Gobore tuliletewa.

SEHEMU YA 4

Hii ndefu. Mwenye roho nyepesi aruke.

Gobore ni ubunifu mbaya. Naongea kama mtu anayekosoa kiti kinachoangusha watu. Bomba lililotengenezwa kupitisha maji halikutengenezwa kubeba mlipuko. Linapopasuka linapasuka karibu na shavu la aliyelishika. Ndiyo maana wengine tunaowapokea na majeraha ya gobore ni wenyewe walioshika: vidole, kiganja, jicho, uso uliojaa baruti chini ya ngozi kama chanjo za kienyeji.

Kosa la pili ni kubwa zaidi na halisemwi. Gobore linashindiliwa kwa mbele. Ukishalishindilia, kulitoa ni kazi na ni hatari, njia rahisi ni kulifyatua. Nani anataka kufyatua usiku kijiji kizima kisikie? Basi linaegeshwa nyuma ya mlango au linapandishwa darini likiwa limejaa. Silaha za kiwandani zina kizuizi, unatoa magazini, unakagua chemba. Hili linasubiri. Mtoto wa miaka sita anaamka mchana, wazazi wako shambani kwenye mpunga...

Siimalizii hiyo sentensi.

Jeraha lenyewe sasa. Risasi ya AR-15 inakwenda zaidi ya mita 900 kwa sekunde, na madhara yake hayaishii kwenye tundu. Nyama inayoizunguka inasukumwa na kuchanika, mfupa unakuwa vipande. Mei 24, 2022 huko Uvalde, Texas, watoto 19 na walimu 2 waliuawa kwa bunduki ya aina hiyo. Daktari wa watoto wa mji ule, Roy Guerrero, alikwenda mbele ya Bunge lao akaeleza kwamba kuna watoto alioweza kuwatambua kwa nguo zao za katuni tu. Tafuta maelezo yake, yasome, halafu urudi kwenye ile video ya meza safi.

Gobore lina mwendo mdogo kuliko huo, lakini lina uchafu. Linarusha gololi, vipande vya nondo, chochote alichokiokota mwenyewe, pamoja na tambara lililotumika kushindilia. Vyote vinaingia mwilini na masizi na vumbi la ghalani. Picha ya eksirei inatuonyesha chuma. Tambara haioneshi. Siku ya nne jeraha linanuka na mgonjwa anachemka homa, ndipo tunajua kuna kitu kimebaki ndani. Kwa hiyo hatulishoni siku ile ile. Linaoshwa, nyama iliyokufa inakatwa, linaachwa wazi, linafungwa baadaye likiwa safi. Sindano ya pepopunda lazima. Ndugu wanatulalamikia "mbona hamumshoni?" Tukimshona leo tunafungia uozo ndani.

Na wengi hawaji leo. Wanakuja baada ya siku tatu, wameshawekwa majani, unga wa tetrasaikilini, hata kinyesi cha ng'ombe. Kwa nini? Wanaogopa PF3, wanaogopa kuulizwa lile gobore la nani. Yaani fundi hana jina, mwenye nalo hana jina, na mgonjwa naye anafichwa jina mpaka mguu unaoza. Nimeshika miguu ya namna hiyo ikipakiwa kwenye gari kwenda Bugando, Mwanza, na nyumbani walikuwa bado wanasema kaangukia shoka.

SEHEMU YA 5

Fupi. Najua hoja ya nguruwe na nyani. Ni kweli wanamaliza mahindi na karanga, njaa si utani. Lakini nguruwe hupita usiku, na anayepita usiku shambani si nguruwe peke yake. Jirani anatoka kwenye maduara ya dhahabu saa nane, tochi imezimika chaji. Unasikia majani, unafyatua. Gololi hazichagui.

Hoja ya ulinzi ndiyo dhaifu kabisa. Jambazi akijua una gobore, anakuja na la kwake au anakuja kuchukua la kwako. Na wewe una mlio mmoja tu kabla hujaanza kushindilia upya.

Anayetaka silaha ya halali, njia ipo, ina kibali na namba. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ni ya mwaka 2015, na nchi yetu imo kwenye Itifaki ya Nairobi ya 2004, inayotaka kila silaha iwe na alama ya kuitambua. Ukiona usumbufu, jiulize kwa nini usumbufu huo uliwekwa.

Na nyie mafundi, wadogo zangu. Mikono yenu naijua. Wodi nyingi vijijini zina kitanda kisichonyanyuka upande wa kichwa, stendi ya dripu imefungwa kwa bandeji, kiti cha magurudumu kina tairi moja. Vipande vinavyoingiliana, kitako kinachorefuka kwa urefu wa mtu, uzito mdogo: mambo yote yale mnayoyasifia kwenye video ndiyo mkongojo unayoyahitaji. Nitengenezee mkongojo unaorefuka, uandike namba yako ya simu, nikutafutie wateja kesho asubuhi.

SEHEMU YA 6

Ya kufanya tu.

Ukiwa na gobore ndani, usilipige picha, usijaribu kulitoa baruti mwenyewe, usimpe kijana alipeleke akiwa kwenye pikipiki. Septemba na Oktoba 2022 serikali ilifungua dirisha la kusalimisha kwa hiari bila kushtakiwa. Dirisha la namna hiyo likitangazwa, tumia siku ya kwanza, usingoje ya mwisho. Kabla ya hapo ongea na mtu mzima unayemwamini, mwenyekiti wa kijiji au kiongozi wa dini, akusindikize kwa mkuu wa kituo cha polisi.

Mtu akijeruhiwa: kandamiza jeraha kwa kitambaa kisafi, kwa nguvu, usifungue kila dakika kuchungulia. Usichomoe chuma kilichozama. Usimwagie mafuta ya taa, spiriti wala majani. Usimpe chakula wala pombe, huenda akaingia chumba cha upasuaji. Mfunike asipate baridi, mlete. Tuambie ukweli kwamba ni gobore, ili tujue tunatafuta tambara. Anayevuja damu anahudumiwa kwanza, PF3 inafuatiliwa huku matibabu yanaendelea. Ukifika ukaambiwa vinginevyo, muulizie mganga wa zamu na usiondoke mlangoni.