Ulyankulu: Kadi ya chama si cheti cha uraia

JE, mtu huwa mfuasi wa chama cha siasa kwa kuwa ameridhika na sera zake, au kwa kuwa anatafuta mahali pa kuhesabiwa kuwa mwenyeji? Swali hilo lina uzito wa pekee huko Ulyankulu, mkoani Tabora.

Makazi ya Ulyankulu yalifunguliwa kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Mwaka 2007, wakimbizi wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipewa hiari ya kurejea kwao au kuomba uraia wa Tanzania. Takriban wanne kati ya kila watano walichagua kubaki. Maombi ya watu zaidi ya 160,000 yalikubaliwa mwaka 2010, lakini vyeti havikuanza kugawiwa kwa wingi hadi mwaka 2014. Katika kipindi hicho hawakuwa wakimbizi kamili wala raia kamili, huku kukiwa na mpango wa kuwahamishia mikoa mingine.

Mwaka uliofuata ukafika Uchaguzi Mkuu, na CCM ikashinda ubunge wa Ulyankulu. Hata hivyo, hesabu ya kura haisemi nani alipiga kwa imani, nani kwa shukrani na nani kwa hofu.

Mwanasaikolojia Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyepata uraia wa Uingereza, alieleza chanzo cha mwelekeo huo katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1971. Wavulana waliogawanywa katika makundi kwa sababu hafifu kabisa waliwapendelea wa kundi lao, ingawa hawakuwajua ni akina nani. Sembuse chama chenye bendera, nyimbo, sare na kadi?

Wala hayo si ya raia wapya peke yao. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, takriban asilimia 77 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Mazoea na hamu ya utulivu vilikuwa na nguvu kubwa hata kwa waliozaliwa nchini.

Tofauti ni kwamba mzaliwa akibadili chama hahofii kuulizwa kwao ni wapi. Raia mpya aweza kudhani kwamba kura ya upinzani ni utovu wa shukrani. Lakini cheti hutolewa na Jamhuri, kadi hutolewa na chama. Anayevichanganya hufanya kura kuwa kodi ya ulinzi.

Historia ya nchi hiyo inaonya. Mtemi Mirambo aliunganisha watu wa asili nyingi kandokando ya njia ya misafara, wengi wakimfuata kwa ulinzi na ngawira. Alipofariki mwaka 1884, dola yake haikudumu.

Ni wajibu wa vyama vyote, na hasa kinachotawala, kuwaambia wananchi wa Ulyankulu waziwazi kwamba uraia wao haupigiwi kura.