Waini ya Bei ya Chini: Nani Amesema Hatujui Kuonja?

Kuna kaugonjwa kameingia mtandaoni. Mtu akiposti chupa ya 4th Street, anashukiwa na komenti eti hiyo ni juisi ya wasichana, eti atafute waini ya watu wakubwa. Mimi nakataa. Si kwamba naipenda sana, kwangu ina sukari mingi. Nakataa kwa sababu hao wanaocheka hawajaonja chochote, wamesoma bei tu.

Hata lugha yenyewe inatuchanganya. Kwetu neno "tamu" limebeba sukari na raha kwa pamoja. Sasa msee ananunua Drostdy-Hof nyekundu, ile kavu, inamkausha ulimi, anasema imeharibika. Haijaharibika, buda. Kavu maana yake hamira imekula karibu sukari yote ya zabibu ikaigeuza pombe. Ile tamu imebakishiwa sukari, ndiyo maana ukisoma lebo utaona nyingi za bei hii hazifiki asilimia 12 au 13 za waini kavu. Lakini sukari inaficha pombe, na hapo ndipo mtu anamaliza chupa akidhani ni soda.

Na huku uchachu si mgeni. Bungoma watu wamekua wakinusa busaa: unga wa mahindi unachachushwa, unakaangwa kwa bati, unachanganywa na wimbi iliyoota. Kitale kuna mursik, maziwa ya kibuyu yenye mkaa. Mathee anayeuza mursik anajua kwa harufu tu kama kibuyu kilitayarishwa vizuri. Huyo ni mwonjaji kamili, amekosa tu glasi yenye mguu mrefu.

Kinachoniuma zaidi ni rafu. Nilinunua waini ya aina moja, chupa moja Kitale na nyingine Bungoma, wiki hiyo hiyo. Ya Kitale ilinukia matunda. Ya Bungoma ilikuwa imesimama dirishani, jua linaipiga kila mchana, rangi imeanza ukahawia, ladha kama zabibu zilizochemshwa. Sawa, Kitale ina baridi kuliko Bungoma, lakini dirisha ni dirisha. Mwenye duka akaniambia waini ikizeeka ndiyo inakuwa poa! Waini za bei hii hutengenezwa zinywewe mapema. Omba ile ya nyuma, kwenye giza.

Halafu stempu ya ushuru. KRA wana programu inaitwa Soma Label, skani hapo hapo dukani. Usione aibu, Februari 2024 watu walikufa Kirinyaga kwa pombe yenye sumu. Stempu ikikataa, rudisha chupa mahali pake. Na kama hujafika 18, sheria ya 2010 ilishakujibu, weka hii posti ya baadaye.

Alama zangu sasa. 4th Street nyekundu, baridi kabisa, na kuku wa pilipili: saba kwa kumi. Ikiwa na joto la chumba, nne. Drostdy-Hof peke yake, tano, lakini iwekee nyama choma yenye mafuta na chumvi uone ule ukavu ukipata kazi. Hapo naipa nane bila kuogopa mtu. Kingfisher sijaipa alama, hiyo ni ya matunda mengine, si zabibu, itapata siku yake.