Tuchange Kabla ya Msiba



Mwezi uliopita karatasi ya mchango ilizunguka tena katika karakana yetu. Mtoto wa mwenzetu mmoja, aliyekuwa akisomea uchumi na biashara ya dunia huko Ulaya, alifariki, na jamaa zake hawakuwa na fedha za kumleta nyumbani azikwe. Kila mtu alitoa alichokuwa nacho, fundi na msaidizi, karani na mfagiaji. Hatunung'uniki kwa kutoa, maana ndiyo desturi yetu. Lakini tuliuliza jambo moja: katika fedha zote alizotoa baba kabla kijana hajapanda ndege, mbona hazikuwamo shilingi za bima ya kumrudisha? Jibu lilikuwa fupi. Hakuna aliyemwambia.

Watoto wetu wengi, na baadhi yetu wenyewe, wanataka kwenda ng'ambo kusoma masomo hayo. Sisi twasema waende. Marehemu Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi, alikwenda kusoma Ruskin College, Oxford, mwaka 1955, na mwaka 1959 alishughulika hata vijana 81 wakasafiri kwa ndege kwenda vyuo vya Marekani. Elimu ya uchumi yatufaa hasa sisi watu wa reli. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengwa kwa mkopo wa China uliohesabiwa kwa dola, hali abiria analipa nauli kwa shilingi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilifika shilingi 160 hivi. Deni likazidi kuwa zito, ingawa hapakuongezwa hata taruma moja katika njia. Mtu akiketi mezani kudai mshahara bila kuijua hesabu hiyo, atadanganywa mchana kweupe.

Basi hesabu iyo hiyo yamngoja mzazi. Yeye apata mshahara kwa shilingi, na bima ya mwanawe yadaiwa kwa fedha za kigeni.

Tutoe mfano wa Ujerumani. Vyuo vikuu vingi vya serikali kule havitozi karo, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg, ambako mgeni asiyetoka Umoja wa Ulaya hulipa yuro 1,500 kwa muhula. Wengi wakisikia neno "bure" hawaulizi zaidi. Lakini tangu Septemba 2024 mwanafunzi hutakiwa kuonyesha yuro 11,904 za mwaka mmoja, na kwa kawaida fedha hizo huwekwa benki katika hesabu iliyofungwa, akaruhusiwa kutoa yuro 992 tu kila mwezi. Tena chuo hakimwandikishi mpaka aonyeshe bima ya ugonjwa. Aliye chini ya miaka 30 huingia katika mfuko wa bima wa watu wote, na mwaka 2025 alilipa kati ya yuro 140 na 150 kwa mwezi. Karibu sehemu moja katika saba ya posho yake imekwisha kabla hajanunua mkate.

Tusiwaonee Wajerumani kwa jambo hili. Mfuko huo asili yake ni sheria ya mwaka 1883 iliyowekwa kwa ajili ya wafanyakazi. Mfanyakazi alitoa theluthi mbili na tajiri theluthi moja, ili mtu akiugua asife njaa. Ni harambee, ila wao huchanga kabla ya msiba.

Uingereza wana namna yao. Mwanafunzi anayekwenda kwa zaidi ya miezi sita hulipa ada ya matibabu pamoja na kuomba viza, nayo ni pauni 776 kwa kila mwaka tangu Februari 2024. Kwa masomo ya miaka mitatu ni zaidi ya pauni 2,300, na zote hutakiwa kwa mara moja, kabla hajaondoka nyumbani.

Sasa twataka kila mzazi na kila kijana ayashike mambo haya matano.

1. Bima ya safari, ambayo mawakala wengi huiandika kwa neno moja tu "bima", haitoshi kumwandikisha mtu chuoni Ujerumani. Hiyo ni ya siku za njiani na za kwanza.

2. Aliyetimiza miaka 30 hapati bei ile ya wanafunzi. Sisi tunaoandika gazeti hili tumo katika hesabu hiyo. Hatuna budi kutafuta bima ya makampuni, na kuisoma neno kwa neno ijue kulipa nini na kukataa nini.

3. Anayeanza kwa kusoma lugha tu, asiye bado mwanafunzi wa chuo, naye hakubaliwi katika bei ya wanafunzi. Ajitafutie bima nyingine kwa miezi hiyo.

4. Kijana akishawishiwa kutia sahihi ya kujitoa katika mfuko wa watu wote ili apate bima rahisi ya kampuni, ajue kwamba hawezi kurudi mpaka amalize masomo yake. Sahihi moja hufunga miaka mitatu au minne.

5. Mfuko ule wa Ujerumani haulipi gharama za kusafirisha maiti kuja Kenya, wala haumtibu mwanafunzi akija likizo nyumbani. Ada ile ya Uingereza nayo haisafirishi maiti. Bima ya kurudishwa nyumbani hununuliwa mbali, tena kabla ya safari.

Hili la tano ndilo lililotuzungusha na karatasi mwezi uliopita.

Kwa hiyo twaomba hivi. Mwanachama akipata barua ya chuo, ailete kwenye tawi kabla hajauza ng'ombe wala hajakopa katika ushirika. Wapo wenzetu wanaosoma Kiingereza vizuri. Wakae naye waisome barua yote, na wamwandikie wakala kuuliza: bima gani, ya muda gani, yalipa nini, na kijana akifa nani atamleta? Wakala asiyetaka kujibu kwa maandishi, msimpe fedha. Na katika mkutano ujao tawi lishauriane kama ile mila yetu ya kuchanga yaweza kuanza mapema, tukamsaidia kijana kulipia bima yake siku anapoondoka.

Hakuna gadi anayepeperusha bendera ya kijani kabla breki hazijajaribiwa, hata abiria wakipiga kelele namna gani. Watoto wetu nao wasiondoke stesheni mpaka tumeuliza.

Umoja ni nguvu.