Kikohozi Kinachobaki Baada ya Kifua Kikuu

Si jambo geni katika nyumba zetu, iwe Same mjini au juu milimani Suji, Vudee na Gonja. Mtu aliugua kifua kikuu, akameza dawa zake miezi sita, akapimwa na kuambiwa amepona. Lakini kila asubuhi angali akikohoa na kutema makohozi mazito ya kijani, na mara kadhaa kwa mwaka homa humrudia. Hapo jamaa huanza kunong'ona kuwa ugonjwa umerudi. Hutengewa kikombe, watoto hukatazwa kumkaribia, naye mwenyewe huona haya kusimama katika safu msikitini.

Twasema: jamaa wasihukumu kabla ya vipimo. Ni kweli kifua kikuu huweza kurudi, ndiyo sababu kupima makohozi ni jambo la kwanza. Lakini yakionekana hayana vijidudu vya kifua kikuu, haifai kumrudisha mtu katika dawa zile kwa dhana tu. Huenda maradhi yake ni mengine: kutanuka kwa mirija ya mapafu, hali ambayo tabibu Laennec wa Ufaransa aliieleza tangu mwaka 1819.

Wapare waijua mifereji iletayo maji kutoka kwenye ndiva. Kingo za mfereji zikibomoka, maji hayaendi; hutuama, tope hujaa na wadudu huzaana. Ndivyo ilivyo mirija ya pafu iliyoachwa na makovu ya kifua kikuu. Makohozi hutuama, na vijidudu hufanya makao humo. Mmoja wao, aitwaye sudomonasi, ni mkaidi mno. Vidonge vingi vya kawaida havimwezi.

Dawa ziwezazo kumpiga zilikuwako kwa sindano. Streptomaisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943, zikafuata dawa nyingine za jamii yake. Lakini sindano hueneza dawa mwilini mwote, na dawa za jamii hii huweza kudhuru masikio na mafigo. Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanza mwaka 1926 huko Siha, mkoani mwetu Kilimanjaro, ilianza mwaka 2009 kutibu kifua kikuu sugu, na siku zile matibabu hayo yalihitaji sindano kwa miezi mingi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri vidonge vitangulizwe, na sindano za kanamaisini ziachwe.

Kwa vijidudu vikaavyo daima mapafuni, matabibu walitafuta njia nyingine: dawa igeuzwe ukungu kwa mashine, mgonjwa aivute kwa pumzi, ifike palepale penye ugonjwa na kiasi kidogo tu kiingie katika damu. Tobramaisini ya kuvuta iliruhusiwa Marekani mwaka 1997 kwa wenye maradhi ya kurithi yanayojaza mapafu makohozi. Huvutwa mara mbili kwa siku kwa siku 28, hupumzishwa siku 28, kisha huanzwa tena. Mwaka 2017 matabibu wa Ulaya walishauri dawa za kuvuta kwa muda mrefu zitumiwe pia kwa watu wazima wenye mirija iliyotanuka na sudomonasi, wanaozidiwa mara tatu au zaidi kwa mwaka.

Dawa hii haiondoi kovu. Hupunguza vijidudu, na yaweza kupunguza siku za kuzidiwa. Yaweza pia kubana kifua, kwa hiyo dozi ya kwanza huvutwa mbele ya tabibu. Mashine isipooshwa na kukaushwa vema, yenyewe huwa makao ya vijidudu. Wala mtu asithubutu kutia dawa ya sindano katika mashine kwa shauri la jirani.

Yako mambo ambayo kila nyumba yaweza kuyaanza leo. Mgonjwa aombe kufundishwa namna ya kupumua na kulala ili makohozi yatoke kila siku. Aache tumbaku. Jiko la kuni lipate tundu la kutolea moshi. Dawa za kuua vijidudu zisinunuliwe nusu dozi dukani, wala asigawiwe mtu masalio ya mwenziwe, maana hivyo ndivyo vijidudu vifundishwavyo ukaidi. Na Ramadhani ikiingia, mgonjwa asikatize dawa kwa siri. Amwulize tabibu wake na mwanachuoni, kwani mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

Nanyi vijana, mshikeni mkono mzee wenu mwende naye hospitali, makohozi yake yapimwe. Majibu yakisema hana kifua kikuu, mrudishieni kikombe chake mezani, na nafasi yake katika safu. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.