Maneno Nayo Hupasha Misuli

Jioni moja huko Usoke, karibu na reli iendayo Kigoma, niliwatazama wasichana wakijiandaa kucheza mpira wa pete. Waliketi chini, wakavuta misuli ya miguu kwa muda mrefu, kisha wakaingia uwanjani moja kwa moja. Mwalimu wao akawaasa: "Chezeni taratibu, magoti ya wasichana ni dhaifu." Kwa maoni yangu makosa yalikuwa mawili: la mwili na la ulimi.

Tuanze na mwili. Msuli wenye joto hujikunja kwa kasi zaidi. Lakini kuuvuta msuli mmoja kwa zaidi ya sekunde 60, muda mfupi kabla ya kuruka au kukimbia, huupunguzia nguvu kidogo. Yafaa zaidi mazoezi ya mwendo: kukimbia polepole, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa. Mpango wa dakika 20 wa aina hiyo, FIFA 11+, ulipimwa nchini Norway kwa wasichana wanasoka 1,892 wa miaka 13 hadi 17. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa waliopangiwa mpango huo walipata majeraha pungufu kwa takribani theluthi moja.

Sasa ulimi. Ni kweli kwamba katika soka na mpira wa kikapu, kano ya mbele ndani ya goti hukatika mara mbili hadi tatu zaidi kwa wanawake kuliko wanaume. Ukweli huo usifichwe. Hata hivyo, matarajio nayo hutenda kazi mwilini: mwanamichezo aaminiye kuwa amesaidiwa mara nyingi hufanya vizuri zaidi, na atarajiaye madhara huweza kuzorota.

Wapo wasemao kwamba faida itokanayo na imani ni ya bure. Sikubaliani nao. Hakuna apashaye misuli bila kujua. Mwili na matarajio huingia uwanjani pamoja. Wajibu wetu ni kujenga matarajio ya kweli.

Basi, mhudumu mwenzangu, usimwambie binti kuwa goti lake ni dhaifu. Mwambie: "Goti hufundishika, fanya mazoezi haya angalau mara mbili kwa wiki." Nawe binti, goti likilia "pwa" na kuvimba upesi, usilichue ukarudi uwanjani, nenda kituo cha afya. Toka Usoke hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni zaidi ya kilomita 800. Wanawake wa Unyamwezi waliwahi kutembea na misafara hadi pwani wakiwa na mizigo. Wajukuu wao wasilazimike kuifuata njia hiyo kutafuta upasuaji, ilhali dakika 20 zingeweza kuwakinga.