Mlalamikaji si Adui wa Ngoma

Imeenea katika miji yetu ya pwani dhana ambayo maofisa wa kaunti huikariri kwa kujiamini, na raia wengi huipokea bila ya kuihoji, kwamba mtu anayelalamikia tamasha la utamaduni hakosi kuwa mmoja wa wawili: ama ni mshupavu asiyependa kuona watu wakifurahi, ama ni hasidi anayetamani mila za wazee zife. Dhana hii ni batili, na ubatili wake una madhara, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kisingizio cha kutojibu barua.

Namjua bibi mmoja ambaye nyumba yake i kichochoroni, hatua chache kutoka uwanja wa ngoma, na mumewe alikuwa hajiwezi kitandani. Aliandika ukurasa mmoja, kwa khati safi, kueleza kwamba ngoma haichukii, na kwamba ujanani mwake alikuwa mchezaji wa lelemama, ila aliomba vipaza sauti vielekezwe baharini na vizimwe ifikapo saa sita ya usiku. Karani aliisoma ile barua amesimama, akamuuliza, "Bibi, kwani wewe hupendi mila zetu?" Kisha akaitia jaladani bila ya mhuri wala tarehe, na habari yake ikaishia hapo. Ofisi yenyewe sitaitaja. Lakini insafu iko wapi, ikiwa mtu aliyeicheza ngoma kwa miguu yake anaulizwa mapenzi yake na kijana anayeijua kwa ratiba?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti kazi ya kudhibiti kelele na kero nyingine za umma, na katika kipengele kinachofuata papo hapo inazikabidhi shughuli za utamaduni na burudani. Kazi hizi mbili zimewekwa mkononi mwa mtumishi mmoja, tena ile ya kuzuia kero ikitangulia, kwa hiyo ofisa anayedai kwamba yeye ni wa ngoma tu na kelele si shauri lake amejipunguzia mwenyewe nusu ya amana aliyopewa. Isitoshe, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi lake, na kifungu cha 89 kinaiwajibisha kaunti kulijibu kwa haraka. Sheria hiyo haikusema kwamba mwombaji athibitishe kwanza mapenzi yake kwa mila.

Wako watakaosema kwamba malalamiko yakipewa nafasi matamasha yatakufa. Na waitazame Lamu. Habib Swaleh, aliyehamia huko kutoka Ngazija katika karne ya 19, alipozitia twari katika Maulidi alipingwa na watu wenye elimu na heshima zao, na ubishi ukawa mkali. Walakini Maulidi hayo, ya msikiti wake wa Riyadha, yangali yanasomwa, na wageni huyaendea kutoka nchi za mbali. Miji iliyomlea Muyaka na washairi wenziwe waliojibizana hadharani haiwezi kujifanya leo kwamba ubishi ni kitu kigeni kwao. Na Mji Mkongwe wa Lamu ulipoingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, miongoni mwa fadhila zilizotajwa ni kwamba ungali unakaliwa. Basi yule anayekosa usingizi nyuma ya ukuta wa matumbawe naye ni sehemu ya urithi unaotangazwa, na mashindano ya punda na ya majahazi, kwa uzuri wake wote, hayamzidi yeye.

Sikatai kwamba yako malalamiko ya chuki, na yako ya watu ambao wangependa pasiwe na tamasha lolote. Hayo nayo yajibiwe, tena kwa hoja, kwa kuwa "hapana" iliyotolewa sababu zake ni jibu kamili, ilhali kimya ni dharau, na mwenye kudharauliwa mwaka huu aghalabu hurudi mwakani na mtaa mzima nyuma yake.

Nawasihi basi mabwana na mabibi wa idara za utamaduni: kabla ya tamasha lijalo fungueni daftari, kila shakwa lipewe nambari, tarehe na jina la ofisa atakayelijibu, na baada ya tamasha mbandike mlangoni yaliyoletwa na yaliyorekebishwa. Nanyi wenye malalamiko msiyamalizie barazani. Andikeni, mbaki na nakala iliyopigwa mhuri, na mkinyimwa jibu ipelekeni kwa Ombudsman, ambaye hupokea mashtaka dhidi ya ofisi za umma bila ya malipo.