Komba wa Doldol: Bila mti hana lake

Msomaji mpenzi, bila shaka umewahi kusikia mtu akiambiwa amelewa kama komba. Sifa hiyo ilitoka pwani, ambako husimuliwa kwamba komba huonja tembo la wagema juu ya minazi. Lakini komba wa Doldol, kule Laikipia kaskazini ya Nanyuki, hana mnazi. Yeye ana mgunga, na mwili wake wote umeumbwa kwa ajili ya mti huo.

Komba huyu mdogo ana uzito wa gramu 200 hivi, na mkia wake ni mrefu kuliko kiwiliwili. Ni jamaa wa lemuri, wale wanyama wa kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Huko Bukini hakuna nyani wala tumbili, hivyo lemuri wengi hutembea mchana. Huku bara mchana una wenyewe, naye komba akachukua usiku.

Tuanze na miguu. Mifupa ya wayo wake, kati ya kisigino na vidole, imerefuka sana, na mapaja yana misuli minene. Kano zake hujivuta kama mpira wa manati, kisha humfyatua. Huruka wima zaidi ya mita mbili! Akiwa hewani, mkia humsaidia kukaa sawa mpaka ashike tawi. Vidole vyake hukamata barabara, maana kidole gumba kimetengana na vingine, na ncha zina vifuniko laini visivyoteleza.

Je, wajua kwamba ana kitana mdomoni? Meno sita ya mbele katika taya la chini yamebanana na kulala kuelekea mbele. Kwayo huchana manyoya na kukwangua gundi ya mgunga, chakula kinachomwokoa wakati wa kiangazi wadudu wanapoadimika. Chini ya ulimi ana kijilimi kigumu cha kusafishia kitana hicho. Kidole cha pili cha mguu nacho kina ukucha mrefu wa kujikunia.

Macho yake makubwa hayazunguki sana, hivyo hugeuza kichwa chote mpaka akatazama nyuma. Masikio husikia mdudu gizani, na hukunjwa apitapo penye miiba.

Sasa fikiria mwili kama huo chini, mahali peupe. Hurukaruka kwa miguu ya nyuma tu, huku bundi, kanu na bweha wakimngojea. Mgunga mmoja ukikatwa, si kivuli pekee kilichopotea. Komba amepoteza kitanda, jikoni na njia yake ya kupitia. Ikikatwa kumi mfululizo, pengo huwa pana kuliko mruko wake.

Ndiyo maana gunia la makaa linalofika mjini linatuhusu sote. Uliza miti yake ilitoka wapi kabla ya kulipa. Na watoto wakiomba komba wa kufuga, wakumbushe kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumweka bila kibali. Ukipita Laikipia usiku, mulika mgunga kwa tochi: macho mawili yakikuangazia kama kaa la moto, zima, umwache aendelee na kazi.